Siku Niliyoposa Stesheni ya Mafuta

Jamani, aibu nyingine mtu huzimeza na maji akanyamaza, lakini hii yangu haimezeki, kwa sababu Muyinga nzima iliiona, na wale ambao hawakuwepo wamesimuliwa na waliokuwepo, ikatiwa chumvi juu, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe kwa mdomo wangu kabla hamjaletewa ile ya kuongezwa, ambayo ndani yake eti nilipiga magoti mbele ya pompa ya mazutu, yaani dizeli (sikupiga magoti, niliinama tu, na mtaona kwa nini).

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Gitega, Burundi, upande wa Mushasha. Nilikulia Tanzania, kambini kule Kigoma, tukarudi kwetu Butihinda nikiwa kijana wa ndevu za kuhesabika, na Kiswahili changu kikarudi nami kikiwa kimenyooka kabisa, na hapo ndipo kiburi kilipoanzia. Kwa maana hapa kwetu kila kitu ni "iko". Mama iko nyumbani, mbuzi iko shambani, chumvi iko ndani ya chungu, patron iko nakuja, yaani mtu, mnyama na ndoo wote wanalala kitanda kimoja. Darasani nimeumia koo kwa kupiga kelele, "Mtu yuko! Kitu kiko! Nyumba iko!" na wanafunzi wanaitikia vizuri, "Ndiyo, Mwalimu," halafu wakifika mlangoni nasikia, "Leo Mwalimu iko kali."

Kiswahili hicho hicho kilinipa kazi ya pili, ya kusemea watu kwenye posa. Mnajua desturi yetu ilivyo: upande wa kijana unakuja na msemaji, upande wa binti nao wana wao, na hao wawili wanazungushana kwa maneno mpaka watu wachoke kucheka, na mwiko mkubwa ni kumtaja binti kwa jina ama kusema wazi kilichokuleta. Unasema umeona taa imewaka ukaja kuomba moto, unasema ndama wenu amewavutia, unasema chochote, lakini ukisema "tumemtaka fulani" umeonekana huna malezi. Mimi kwa mchezo huo nilikuwa moto wa kuotea mbali. Wiki chache kabla ya mkasa wangu nilisemea familia moja Nyarusange, shangazi wa binti akalia machozi, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba mpaka mke wangu akaniuliza kama kofia bado inanienea.

Basi siku moja akanipigia simu Patron Gérard. Huyu ni tajiri wa mafuta hapa Gitega, ana stesheni zake na malori yake ya tangi, mtu mnene, mkarimu, mwenye haraka, akiongea na simu utadhani anagombana nayo.

"Allô, Mwalimu? We iko wapi? Écoute, Jumamosi tunaenda Muyinga, kuomba nyumba ya marehemu Salumu. Bale batu ni ba Kiswahili, na mi Kiswahili yangu ni ya soko, donc we ndo utaongea. Bei tulishamaliza, we usiguse bei. We uwaombe na heshima tu, wasikie tuko bandugu. Na uvae muzuri, quoi!"

Hapo sasa. Yeye alisema "nyumba" kama wafanyabiashara wanavyosema, maison, yaani kampuni. Mimi nikasikia nyumba ya watu, ukoo. Nikataka kuuliza, nani anamwoa nani? Mdomo ukafunguka kabisa, hewa ikaingia, nikaufunga. Nikajiambia, msemaji gani mzoefu anauliza maswali ya kitoto, watasema Mwalimu siku hizi haelewi mpaka achorewe ubaoni. Nikajibu, "Usihofu, Patron, hiyo nyumba tutaipata." Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa kutouliza swali moja la maneno matatu.

Nyinyi nawaambia mapema ili msipotee kama mimi. Marehemu Salumu ndiye aliyekuwa tajiri wa mafuta Muyinga, na alipofariki alimwachia mkewe, Bi Zainabu, kampuni yenye stesheni tatu na pompa zilizokauka, kwa sababu mafuta yamekuwa shida na Bi Zainabu hakuwa na malori ya kuyafuata. Gérard alikuwa na malori lakini kule kaskazini hakuwa hata na mahali pa kuegesha. Kwa hiyo wakapatana kuunganisha kampuni zao, Gérard achukue sehemu kubwa, Bi Zainabu abaki na sehemu yake, na kila kitu kilishakubaliwa isipokuwa jambo moja tu: stesheni ya Butihinda. Hiyo ndiyo ya kwanza ambayo marehemu aliijenga, ndogo, mbali, karibu na mpaka, na ilisemekana Gérard akishaingia ataifunga na wafanyakazi wake warudi kulima. Bi Zainabu akaapa hatatia sahihi mpaka wageni waje waseme mbele yake watamfanyia nini "huyo mdogo wa Butihinda". Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu. Mimi hayo yote sikuyajua, ingawa dada yangu mwenyewe anaishi Butihinda na ana mashine ya kusaga, na kila akinipigia simu ni kulia kwamba mashine imelala kwa kukosa mazutu. Nilikuwa namwambia pole, nakata simu, naendelea kusahihisha madaftari.

Badala ya kuuliza, nikaongeza ufundi. Nikaona posa ya tajiri haiwezi kwenda mikono mitupu, nikamwendea Mama Ancilla, kiongozi wa kwaya ya akina mama hapa Mushasha, nikamwambia, "Mama, Patron Gérard ana sherehe Muyinga, njooni mmevaa imvutano zenu za sherehe na vikapu kichwani, mfike saa ya katikati, iwe surprise." Akafurahi sana, mama wa watu. Na kwa kuwa nyumba ya Salumu ni ya Waislamu, nikanunua makreti ya Fanta badala ya bia, nikajipongeza kwa busara.

Jumamosi tukaondoka asubuhi kwa njia ya Karuzi. Patron mbele na simu zake, mimi nyuma na kijana mmoja wa suti mpya, ananukia marashi mpaka nikafungua kioo, jina lake Maître Fidèle. Alikuwa mwanasheria wa Patron. Mimi nikajua moja kwa moja kwamba ndiye bwana harusi, maana suti ile, marashi yale, na mguu ulikuwa unamtetemeka.

"Uko tayari?" nikamuuliza kama baba.

"Tayari, Mwalimu, mais moyo inapiga kidogo."

"Ni kawaida. Ndiyo mara yako ya kwanza?"

"Non, non. Hii ni ya tatu."

Nikamgeukia. "Ya tatu! Na zile mbili?"

"Ya kwanza ilitukatala dakika ya mwisho, nilisikia vibaya sana. Ya pili tuko nayo mpaka leo, inaenda muzuri, inatupa faida."

Mungu wangu. Nikamtazama kijana yule, anatabasamu bila haya yoyote, ana mmoja nyumbani anayempa faida na bado anafuata mwingine Muyinga. Nikageuka nikatazama migomba ya watu mpaka tukapita Karuzi, nikijisemea, Mwalimu, wewe ni mdomo tu wa kukodi, mambo ya ndani hayakuhusu.

Tulipofika, kila kitu kilinidanganya, nawaapia. Nyumba ya Bi Zainabu iko nyuma ya stesheni yake ya mjini, uwanja ni mmoja, na hapo katikati wamepiga hema, wamepanga viti, pilau inanukia, wanawake wamejifunga kanga nzuri wamekaa barazani. Na watu! Barabara imejaa watu na pikipiki, wamepanga foleni mpaka nje, kila mmoja na bidoni yake, dumu la njano. (Walikuwa wamesikia Patron wa Gitega anakuja wakadhani amekuja na mafuta. Mimi nikadhani ni waalikwa, na bidoni nikasema labda Muyinga ndivyo wanavyobebea kinywaji cha kurudi nacho.)

Upande wa nyumba alisimama Mzee Hamadi, mdogo wake marehemu, mzee wa kanzu na koti, ana sauti nzuri na anapenda maneno kama mimi. Bi Zainabu mwenyewe alikaa ndani nyuma ya pazia la mlango, anasikiliza. Yeye ni mzaliwa wa Ujiji, Kirundi anakisikia lakini hakimkai mdomoni, ndiyo maana Kiswahili kilitakiwa.

Nikasimama, nikakohoa, nikanyoosha koti. Nikasema tumetoka mbali, tumepita milima, tuliona katika nyumba hii kuna mmoja aliyelelewa vizuri, ambaye sifa zake zimefika mpaka Gitega, na sisi kwetu tuna nafasi yake tayari.

Mzee Hamadi akacheka akapiga makofi. "Ahaa! Wageni bako na mudomo! Ni kweli, iko hapa. Iko muzuri. Marehemu kaka yangu aliilea yeye mwenyewe na mikono yake."

Mnaona? "Iko." Mgeni kutoka Dar es Salaam angeshtuka palepale, angesema huyu anaongea kitu, si mtu. Lakini mimi nimeishi na "iko" miaka yote hii, nilishazoea kwamba mama iko, baba iko, na bibi arusi atakuwa iko. Na yeye akinisikia nasema "aliyelelewa", akaona ni maneno ya posa, Mwalimu anapamba. Kwa hiyo kila mmoja akamwelewa mwenzake vizuri sana, na hatukuwa tunaongea habari moja.

"Ana umri gani?" nikauliza.

"Si mutoto tena, lakini iko na nguvu bado."

"Ameshawahi kuwa na mtu?"

Mzee Hamadi akatikisa kichwa. "Siwezi kukudanganya. Kulikuwa mumoja wa Bujumbura, waliingia pamoja, akakula vyote, akatoka, akatuachia deni na makelele."

Wanawake barazani wakasonya. Nikahuzunika sana, nikasema sisi si watu wa namna ile, tukiingia hatutoki.

"Na afya yake?"

Hapo mzee akashusha sauti, lakini alikuwa na maikrofoni, kwa hiyo foleni nzima ilisikia. "Iko navuja kidogo, huku chini. Tulileta fundi toka Ngozi, akaziba. Mvua ikiwa minge, inarudi."

Jamani. Nilitafuta mahali pa kuweka macho. Watu wa foleni wote wanatikisa vichwa kwa masikitiko, kumbe wote wanalijua lile tangi. Nikajikaza, nikasema kwa sauti ya huruma, "Ugonjwa si aibu, mzee wangu. Kwetu Gitega kuna mafundi, nasema waganga, tutamhudumia mpaka apone, na hatutamsimanga hata siku moja." Nikasikia nyuma ya pazia mtu anabana kicheko, nikadhani ni kilio.

"Na watoto?" nikauliza, nikitegemea kuambiwa hana.

"Iko nayo batatu!" akasema mzee kwa fahari. "Mukubwa iko hapa mujini, wa pili iko njia ya Gashoho, na ule mudogo, ule marehemu alipenda kuliko wote, iko Butihinda."

Nikamtazama Fidèle kwa jicho la pembeni. Watatu! Na ndipo Fidèle, aliyekuwa ametulia muda wote kwa sababu Kiswahili chetu kilikuwa kinampita juu, akasikia neno Butihinda, akashtuka, akanivuta koti, akaninong'oneza, "Mwalimu, attention! Usiahidi! Ya Butihinda tutaifunga."

"Mtamfunga?"

"Ndiyo, tunafunga, mwezi kesho. Haina faida."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Butihinda. Nilihisi damu inapanda kutoka kwenye viatu. Mtoto mdogo, yatima wa babu yake, amlishaye hana, leo baba wa kambo kabla hata hajaingia ndani anataka kumfunga kwa sababu hana faida! Nikasahau kwamba mimi ni mdomo wa kukodi. Nikachukua maikrofoni yao nikasema, na nilisema kwa hasira kweli:

"Naomba watu wote wa Muyinga wanisikie! Huyu mdogo wa Butihinda hafungwi na mtu! Sisi tukimchukua mama yao tunawachukua na watoto wote, hakuna wa kufukuzwa, hakuna wa kunyimwa chakula, na jina la marehemu babu yao hatulifuti! Na atakayemgusa yule wa Butihinda aniguse mimi kwanza!"

Weee! Uwanja ulilipuka. Wanaume wa foleni wakapiga bidoni kama ngoma, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wawili wakaja kunikumbatia. Patron Gérard alikuwa anapokea simu, akageuka kuona watu wanashangilia, akanyoosha dole gumba juu, "Bravo, Mwalimu!" bila kujua mdomo wake umeshaahidi nini. Fidèle alikuwa amefunika uso kwa karatasi zake.

Mzee Hamadi machozi yanamlengalenga. "Na ng'ombe?" akauliza. "Ng'ombe mutaleta?"

"Watano!" nikasema. (Patron alinikataza kugusa bei, lakini ng'ombe nani asiyewataja kwenye posa?)

"Tano! Iko na maziwa ao iko mikavu?"

"Wana maziwa ya kumwagika!"

Foleni ikapiga kelele zaidi ya mara ya kwanza, na mimi nikashangaa watu wa Muyinga wanavyopenda mifugo. Kumbe wote wameelewa malori ya tangi, matano, yamejaa. Mzee Hamadi akasema tusicheleweshe neno jema, akanyanyua mikono, ikasomwa Fatiha, watu wote mikono juu, Patron Gérard Mkatoliki wa watu naye mikono juu, akaitikia amina kwa sauti kubwa.

Na hapohapo, kama nilivyopanga, gari la akina mama likafika. Mama Ancilla mbele, imvutano inang'aa, kikapu kichwani, nyuma yake kwaya nzima inaimba ile sauti yao ya Pasaka. Nikawa nimelewa sifa jamani, nimelewa bila kunywa kitu. Nikaita kwa maikrofoni, "Basi tunaomba aliyetuleta ajitokeze, tumwone kwa macho yetu!"

Mzee Hamadi akageuka akaita, "Mwajuma! Toka, mutoto, bako tayari!"

Akatoka binti kutoka chumba cha nyuma, binti wa Bi Zainabu, mzuri kweli, lakini amevaa ovaroli ya buluu na mabuti, na mkononi ana fimbo ndefu ya kupimia tangi. Akaenda moja kwa moja akasimama kando ya pompa ya mazutu, kwa sababu kazi yake siku hiyo ilikuwa kumwonyesha mwanasheria matangi. Mimi nikasema haya, wasichana wa siku hizi, labda ndiyo mtindo. Nikatwaa kikapu kutoka kichwani kwa mama mmoja, nikaenda nacho mpaka pale kwenye pompa, nikainama (nimeinama, sikupiga magoti) nikasema, "Bibi arusi wetu, pokea zawadi ya kwenu mpya." Kwaya wakamzunguka wakamfunika kanga juu ya ovaroli. Mimi nikageuka kwa mbwembwe zote, nikamshika Fidèle mkono, nikamvuta mbele ya umati:

"Na bwana harusi wetu ndiye huyu hapa!"

Wimbo ukakatika katikati. Kikapu cha Mama Ancilla kikaanguka, mihogo ikabiringika mpaka chini ya pikipiki za watu.

"Fidèle?" akasema Mama Ancilla. "Wewe Fidèle? Na mwanangu niliyemwacha nyumbani, aliyekupigia pasi hiyo suti, nikamwambie nini?"

Ndiyo. Alikuwa mkwewe. Mimi nitajuaje? Fidèle akarudi nyuma, "Mama, mi sielewi, mi nimekuja juu ya fusion!" na Mama Ancilla, ambaye neno fusion, yaani kuunganisha kampuni, hajawahi kulisikia, akadhani ndilo jina la msichana, akamfuata na kile kikapu kitupu. "Leo nitamwona huyo Fusion!"

Na Mwajuma akajivua kanga, akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "We Mwalimu, iko mzima kweli? Nani anaolewa? Tunauza stesheni!"

Maneno yote niliyosema yakanirudia kichwani moja moja, umri wake, yule wa Bujumbura, kule chini kunakovuja, watoto watatu, na kila moja lilipofika nilizidi kupungua urefu. Nikatamani lile tangi livuje kidogo zaidi linimeze.

Aliyeniokoa ni Bi Zainabu. Pazia likafunguka, akatoka amejishika mbavu, machozi yanatiririka, anacheka mpaka mwanawe akamshikilia asianguke. Kumbe alikuwa ameshanigundua tangu kwenye ugonjwa, kwa sababu yeye wa Ujiji anasikia tofauti ya yuko na iko, akaniacha niendelee makusudi. Akaja mpaka kwangu, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, baba, tangu mume wangu afariki sijacheka hivi. Mungu akuweke." Halafu akamgeukia Patron Gérard, kicheko kimekwisha usoni.

"Bwana Gérard. Huyu alikuja na wewe. Ulisema ndiye mdomo wako. Ameahidi kwamba ile ya Butihinda haitafungwa, na watu wake hawatafukuzwa, na jina la Salumu litabaki ubaoni. Fatiha imesomwa na wewe umeitikia amina, nimekusikia. Sasa nakuuliza mbele ya watu. Hayo maneno ni yako, au ni ya Mwalimu peke yake?"

Patron akanitazama. Sitaki kuwasimulia lile jicho. Akatazama foleni, bidoni zote za njano zimetulia zinamngoja yeye. Akatazama karatasi mezani ambazo bado hazina sahihi. Jasho likamtoka, akatoa kitambaa, akajifuta shingo polepole. Mimi nilikuwa nasali, tena kwa dini zote mbili.

"Ni yangu," akasema. "Butihinda haifungwe. Mais, Mama, ile ng'ombe tano... mi ninayo tatu tu, za maziwa."

"Tatu zinatosha," akasema Bi Zainabu, akaomba kalamu.

Pilau tulikula, Fanta zangu zikanywewa, Mama Ancilla akaelezwa fusion ni nini mara nyingi na Mzee Hamadi mwenyewe na akakubali, ingawa kurudi Gitega alimkalisha mkwewe kwenye gari la kwaya, katikati ya akina mama, chini ya ulinzi. Mimi nilirudi na Patron. Baada ya Karuzi mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia kampuni yake, kumbe anacheka. "Iko navuja kidogo," akasema. "We Mwalimu! Na ukasema mutaitibu!" Alisimamisha gari akatoka nje kucheka vizuri.

Tangu siku ile nimeapa, na naapa tena mbele yenu: sitafungua mdomo wangu kwenye posa ya mtu kabla sijauliza, wazi, bila mapambo, tunakwenda kuomba mtu au kitu? Waniite mshamba, waseme Mwalimu haelewi mpaka achorewe, sijali. Darasani nako nimeadhibiwa vya kutosha. Niliingia Jumatatu nikakuta ubaoni wameandika "Kampuni yuko na afya njema", na nikigeuka, darasa zima limeinama chini ya madawati.

Lakini mwezi uliopita nilikwenda Butihinda kumtembelea dada yangu. Mashine yake niliisikia inanguruma kabla sijaiona nyumba. Nikapita pale stesheni, pompa moja tu, jina la marehemu limepakwa rangi upya, na pompisti, mzee mmoja aliyefanya kazi pale tangu enzi za Salumu mwenyewe, akaniona akawaita wenzake, "Muje! Baba ya mutoto iko nakuja!" Kumbe kule stesheni siku hizi inaitwa Mtoto wa Mwalimu. Watu wanaulizana njiani, "Wapi?" "Naenda kwa Mtoto kuchota mazutu." Nikacheka, nikamshika mkono mzee wa watu, na kwa kuwa ndilo swali la mzazi, nikamuuliza:

"Haya, mtoto yuko mzima?"

Akapigapiga ile pompa begani. "Iko muzima, Mwalimu."

Na mimi sikusahihisha.